Mshika Antena wa Kibakwe

Enzi zetu picha haikuja yenyewe, ilifuatwa. Ilifuatwa juu ya paa, juu ya mti, juu ya kichuguu, ikabembelezwa kwa waya na bomba na mfuniko wa sufuria, na hata ikikubali kuja ilikuja na masharti yake. Nasema haya mapema ili wa rika langu mkae vizuri. Wale waliozaliwa na simu mkononi wanisamehe, au wasinisamehe, maana leo sina mpango wa kumbembeleza mtu.

Hasira yangu ina chanzo. Juzi nilikuwa namsimulia binti yangu Seche, anayesoma chuo hapa Dodoma, jinsi nilivyokosa kumwona mama yangu kwenye televisheni nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nimefika pale hasa panapouma. Akainua macho kutoka kwenye simu yake, akasema, "Sasa mama, si ungecheki tu marudio?" Kisha akarudi kwenye simu. Marudio! Nikahesabu mpaka kumi kama nilivyoshauriwa kliniki ya presha, halafu nikahesabu tena kuanzia mwanzo.

Basi ngojeni niwaeleze hao watoto habari ya marudio, nanyi mliokuwepo mtakuwa mashahidi wangu.

Baba yangu alikuwa fomani wa kikosi cha kuchimba visima vya maji. Kazi ile ilimzungusha pembe zote za nyanda zetu hizi kavu: leo yuko Hombolo, miezi michache baadaye yuko Busi kule Kondoa, baadaye tena unasikia amehamia Kibakwe milimani. Vijana wa mtambo walilala kwenye mahema, lakini fomani alipewa karavani. Karavani, kwa asiyeijua, ni nyumba ya bati yenye magurudumu, inayovutwa nyuma ya lori. Ndani yake mlikuwa na kila kitu, ila kila kitu kilikuwa kitu kingine pia: meza ikishushwa ni kitanda, benchi likifunuliwa ni kabati, na sinki lilikuwa mahali pa kutunzia spana. Shule zikifungwa, mama alifunga nyumba yetu ya Hombolo, akatuchukua mimi na kaka yangu Daudi, tukamfuata baba alipo. Tulilala wanne mle ndani, tukinusa dizeli, grisi na vitunguu, na tangu siku zile sijapata tena usingizi mtamu kama ule.

Mchana tulicheza rede kwenye vumbi lililotapikwa na mtambo, tukifinyanga ng'ombe kwa ule udongo wa kijivu uliotoka chini kabisa, ambao baba aliuonja kwa ncha ya ulimi kabla ya kuwatangazia wanakijiji kama maji yako mbali au karibu. Wenyeji walituletea karanga mbichi na mlenda, nasi tukala ugali wa uwele mpaka matumbo yakakaza. Leo nikimpikia Seche mlenda anaupiga picha kwanza, anaituma picha kwa wenzake, halafu anasema ameshiba.

Televisheni baba aliinunua mwaka aliopandishwa cheo. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, inchi kumi na nne, ina kitasa cha kuzungusha chaneli kilicholia ta-ta-ta, na ilikula betri ya lori. Jumapili tukiiangalia mno, Jumatatu asubuhi kikosi kizima kilisukuma lori ndipo liwake, na vijana walisukuma huku wakihadithiana walichokiona jana yake. Sikumbuki hata mmoja aliyelalamika. Seche video ikizunguka kidogo tu kwenye simu anatweta utadhani amebeba ndoo ya maji kutoka bondeni.

Jambo la kwanza baba alilogundua ni kwamba karavani na televisheni haviivi chungu kimoja. Alianza na antena ya ndani, ile ya masikio mawili, akaiweka juu ya televisheni kama watu wa mjini. Haikuonesha kitu. Bati lile lililozuia upepo lilizuia na picha. Tulichopata kilikuwa chenga tupu.

Hapa inabidi nisimame, kwa sababu Seche aliniuliza chenga ni nini. Alidhani ni zile za mpira. Nikamwambia ni vile vidoa vyeupe vilivyojaa kioo kizima vikichezacheza, na sauti yake ni ya mvua inayopiga bati, na tuliviita chenga kwa sababu vilifanana na chenga za mchele. "Sasa mlikuwa mnaangalia hivyo?" akauliza. Tuliangalia, ndiyo! Kule Busi tuliangalia chenga likizo nzima, kwa sababu picha haikufika kabisa, ila sauti ilikuja na kupotea. Tulikaa wanne kwenye benchi, tukazikodolea chenga zile, na kila mtu akaona chake. Daudi aliapa ameona goli. Mama alisema yeye anaona ng'ombe wanavuka mto. Baba, mtu mzima na fomani wa serikali, alibishana naye kwamba ni mbuzi.

Baada ya Busi baba aliona aibu, akaamua kuishughulikia antena kama alivyoshughulikia visima. Alitengeneza ya nje kwa mikono yake, kwa vipande vya alumini na mifuniko miwili ya sufuria za mama. Mifuniko ile mama hakuisamehe. Miezi mingi aliufunika wali kwa sahani, na kila akiufunika alimtazama baba. Antena ikafungwa kwenye bomba la kisima, bomba likafungwa ubavuni mwa karavani. Ikashika vizuri mpaka wageni walipoingia. Watu wanane wakikaa upande mmoja, karavani ililala kidogo kwenye magurudumu yake, bomba likalala nayo, picha ikaondoka. Baba akawapanga watu kwa uzito: wanene kulia, wembamba kushoto, na anayetaka kukohoa atoe taarifa. Mwishowe akalisimamisha bomba peke yake, hatua tatu kutoka kwenye karavani, kwenye shimo lake. Kuchimba shimo kwa watu wale haikuwa kazi.

Akatufundisha na mengine. Kutu kwenye viungo ikwanguliwe kwa msasa mpaka chuma king'ae. Waya unyooke, usijikunje kama nyoka. Mtambo na kompresa vizimwe, kwani vikiunguruma kioo kinajaa mistari. Na antena izungushwe kwa upana wa kiganja tu, kisha usubiri, kisha kiganja kingine. "Ukizungusha kwa pupa," alisema baba, "mtapishana na picha njiani bila kusalimiana." Lugha yetu yote ya kazi ilikuwa neno moja, kushika. Aliye nje anauliza, "Inashika?" Aliye ndani anajibu, "Haishiki!" Mkiendelea hivyo nusu saa, ghafla ndani kunalipuka: "Inashika! Inashika! Hapo hapo, usiguse!"

Sasa nimefika kwa mama.

Mama yangu aliitwa Sechelela, na huyu bingwa wa marudio amerithi jina lake. Aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa letu Hombolo. Mwaka ule, baada ya Pasaka, watu wa televisheni walikuja kurekodi kwaya za mkoa wetu, na ya kwetu ikachaguliwa. Kanisa lilifagiliwa mara mbili kwa siku moja. Kwaya ikashona sare za zambarau, ingawa mama alisikitika kwamba kwenye televisheni yetu zambarau itaonekana kijivu. Ndani ya wimbo mmoja alipewa kipande cha kuimba peke yake, ubeti mzima, wengine wakimsindikiza kwa chini. Mimi na Daudi hatukuwepo, tulikuwa shule. Tukaambiwa kipindi kitarushwa Jumapili moja ya mwezi wa sita, saa tisa alasiri. Mara moja.

Mwezi wa sita baba alikuwa Kibakwe.

Anayeijua Kibakwe anajua milima yake ilivyo karibu. Ukitoka nje asubuhi mlima umekusimamia usoni, ukigeuka kuna mwingine. Na baridi yake ya mwezi wa sita usiombe. Baba alimwahidi mama, "Nitakuonesha, mama Daudi. Hata kama ni kuuhamisha mlima." Mama akasema, "Sawa, baba Daudi," kwa sauti ya mtu aliyeshapoteza mifuniko miwili. Wiki nzima baba alielekeza antena Dodoma mjini, uliko mnara, akitoka kazini hata hajanawa. Chenga. Aliongeza bomba la pili juu ya la kwanza. Chenga. Habari ikaenea kijijini kwamba kwa fomani wa maji kuna shida ya chenga.

Jirani yetu mmoja, Bibi Foibe, mwanamke wa makamo ambaye Kiswahili alikivalia kama nguo ya kutokea, alifika Alhamisi asubuhi na ungo wake mkubwa. "Mbukwenyi!" akatusalimu kwa Kigogo. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa. Akamwambia mama kwa upole kwamba amesikia wana chenga nyingi mle ndani, zinamsumbua sana mzee, na yeye ana vifaranga ishirini. Kwa hiyo amekuja azipete, nzima awaachie wenyewe, chenga azichukue. Mama alicheka mpaka akashika mlango wa karavani. Alipoweza kuzungumza alimwonesha zile chenga zenyewe kwenye kioo. Bibi Foibe akazitazama kwa makini, akasema, "Hizi hata ungo haziwezi." Tangu siku hiyo akawa mtu wetu, na Jumapili akaalikwa.

Jioni ya Alhamisi hiyohiyo Daudi alijikwaa kwenye waya, antena ikazunguka yenyewe ikatazama nyuma, kwenye jabali kubwa jeupe la mlimani, kinyume kabisa na Dodoma. Baba akafungua kinywa amkaripie. Kabla hajasema, televisheni ikasema. Sauti ya mtangazaji, safi kabisa! Baba akaduwaa. Kisha akaelewa: "Mlima unaturudishia." Picha ilikuwa inagonga jabali na kurudi kama mwangwi. Sikuwahi kumwona amefurahi vile, hata siku alizopata maji.

Lakini ilikuja na vivuli, kila mtu wawili wawili. Baba akaenda kulishika bomba ili alikaze, na vivuli vikapungua. Akaachia, vikarudi. Akamwita Daudi ashike, ikawa mbaya. Vijana wa kikosi wakashika mmoja mmoja. Bibi Foibe akashika, huku akisema maneno yake taratibu. Mwishowe nikaitwa mimi. Nilipolishika bomba kwa mkono wa kulia, juu kidogo ya kiungo, nikainua wa kushoto hewani, ndani wakapiga kelele wote kwa pamoja. Picha ilikuwa kama ya mjini. Kipaji kimoja Mungu alichonipa, nikakigundua siku hiyo, na kipaji chenyewe kilikuwa cha kutoona.

Seche, alipoacha simu kidogo, alinieleza kitaalamu kwamba mwili wa mtu nao unapitisha mawimbi, na urefu wangu wakati ule ulikuwa umekubaliana na chaneli. Ahsante. Lakini mwaka ule hakuna aliyenieleza, na hakuna aliyeniuliza kama nakubaliana.

Jumapili watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja. Karavani ikajaa mpaka mlangoni. Pazia la dirisha la nyuma lilishushwa mwanga usipige kioo, na dirisha hilo ndilo lililokuwa upande wangu. Nikasimama uso jabalini, mgongo kwao, chuma kimeshika baridi ya mlima mzima. Baba alikaa mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama mtu wa kuongoza lori linaporudi nyuma. "Mvumilivu hula mbivu, Nyemo," aliniambia. Methali hii tangu hapo siipendi. Mimi nilivumilia, mbivu wakala wengine.

Daudi alikuwa ameahidi kunipigia kelele kila kinachotokea. Alianza vizuri: "Wanaingia! Wamepanga mistari! Mchungaji yuleee!" Halafu nikasikia kishindo cha watu wote, "Huyooo!" na Daudi akanyamaza. Sikumlaumu siku ile. Namlaumu leo.

Kisha sauti ya mama. Ilitoka kwenye kile kispika kidogo, ikapita bati, ikanifikia mgongoni. Alikuwa ameanza ubeti wake. Mama mwenyewe alikuwa mle ndani amekaa kitandani karibu na Bibi Foibe, na mama mwingine alikuwa kwenye kioo anaimba, na mimi nilikuwa na jabali. Nikageuza shingo. Kidogo tu, jamani. Sikuachia bomba, niligeuza shingo labda pazia litapeperuka nione hata kona ya kioo.

"Nyemooo! Usigeuke!"

Mvua ya chenga ilikuwa imeshaingia. Nikarudi haraka, picha ikarudi. Lakini maneno mawili ya ubeti wa mama yalikuwa yamekwenda, na mpaka leo kwenye sherehe za ukoo Daudi hunitania kwamba nilimkata mama katikati. Watu wanacheka. Mimi nacheka nao kwa meno.

Nilichokuwa nangoja pale nje kilikuwa neno moja: ingia. Baba angesema tu, "Achia, ingia," hata kwa ubeti wa mwisho, hata kwa dakika ile kwaya inapoinama kuaga. Picha ingeharibika, najua. Ningemwona kwenye chenga, ningemwona wawili wawili na vivuli vyake. Nusu ya mama kwenye chenga ingenitosha kuliko jabali zima. Neno halikusemwa. Wimbo ukaisha, watu wakapiga makofi, likaja tangazo la biskuti, ndipo baba akasema, "Haya, achia." Mikono ilikuwa imekataa kushuka.

Mama alitoka wa kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu. Akanikalisha kwenye ngazi ya karavani, akanisugua mikono kwa mafuta ya mgando, akaniambia, "Hukukosa kitu, mwanangu. Naimba vilevile kama ninavyoimba jikoni." Nikamuuliza, "Kama ni vilevile mbona ulilia?" Aliendelea kunisugua mpaka vidole vikafunguka.

Nilipokuwa kidato cha pili mama alitutoka. Homa ya siku nne, basi. Picha tulizobaki nazo ni tatu: ya harusi, ya kitambulisho, na moja ya kwaya ambayo mtu wa mbele amemfunika nusu ya uso. Sauti yake ninayo, kwaya iliitoa kanda baadaye. Ila mama anayetembea, anayeinua mkono akifika kwenye neno analolipenda, anayepepesa macho kama alivyopepesa, huyo aliwahi kuwepo mahali pamoja tu, na siku hiyo nilikuwa nimempa mgongo ili wengine wamwone.

Usidhani sikutafuta. Nilipoanza kazi nilikifuata kituo kile cha televisheni mpaka mlangoni kwao. Kijana mmoja wa mapokezi, shati limenyooka, akaenda ndani, akarudi baada ya muda akitabasamu. "Kanda za zamani walikuwa wanarekodia juu, mama. Zilikuwa adimu." Akasema kwa wepesi, kama anaeleza choo kiko wapi. Juu ya mama yangu wakarekodi kitu kingine! Labda mpira, labda hotuba ya mtu aliyesahaulika wiki iliyofuata. Nilimshukuru, maana tumelelewa kushukuru, nikatoka nje nikasimama kwenye jua. Ndipo miaka inapita, mtoto niliyemzaa mwenyewe ananiuliza mbona sikucheki marudio. Watoto hawa wanapiga picha chipsi! Wana video za paka wasiomfahamu, na sijamwona hata mmoja akimrekodi bibi yake anaposonga ugali.

Baba bado yupo, Mungu ni mwema. Yuko Hombolo na zabibu zake. Kikosi kilipovunjwa aliiomba ile karavani mbovu, akapewa, sasa imekaa kwenye matofali pembeni ya shamba, na mchana wote anashinda mle. Kumbukumbu zake siku hizi zinashika na kukatika. Kuna siku ananiuliza habari za wajukuu kwa majina yao yote, na kuna siku anamwita Seche "mama Daudi" na kumuuliza kama mifuniko imepatikana. Seche, namsifu kwa hili, humjibu kwamba bado inatafutwa.

Nyumbani kuna televisheni kubwa ya ukutani, lakini baba hataki kuiangalia. Anasema taarifa ya habari ataisikilizia kwenye karavani yake. Basi Jumamosi iliyopita mimi na Seche tukaenda na televisheni ndogo, king'amuzi na antena mpya ya dukani. Seche aliingia kwanza akatoka mbio na simu juu. "Mama, humu mtandao haushiki kabisa!" Nikamwambia, "Ni bati, mwanangu. Karibu kwenye ukoo." Nilifurahi kupita kiasi, nakiri.

Lile bomba letu la kisima lilikuwa bado kwenye zizi la mbuzi. Tukalisimamisha nje, hatua tatu kutoka kwenye karavani. Nikakwangua viungo kwa msasa, nikaunyoosha waya. Seche akafungua dira ya simu yake, akatazama uliko mji, akaielekeza antena mara moja tu, bila kiganja wala kusubiri, akaikaza kwa nati, akaingia ndani kwa babu yake. Wiki nzima ya baba pale Kibakwe, mtoto kaimaliza kwa kidole. Mimi nikabaki nje nimelishika bomba, ingawa hakuna aliyeniambia nishike. Nikapaza sauti, "Inashika?"

"Imeshika, mama! Chaneli zote!"

Nikaachia. Nikangoja kelele za ndani. Hazikuja, picha ilikaa. Hawa hawana habari ya chenga. Yao huwa ipo au haipo. Sijui kwa nini hilo lilinikasirisha. Nilisimama palepale mkono wa kushoto uko hewani, mwanamke mzima mwenye presha, katikati ya zabibu.

Ndipo nikamsikia baba kule ndani, kwa ile sauti yake ya zamani ya ufomani: "Nani ameshika huko nje?"

"Hakuna mtu, babu," Seche akasema. "Imekazwa kwa nati."

"Nauliza nani ameshika!"

Seche akasema, "Nyemo, babu. Nyemo ndiye ameshika."

"Mwambie aachie, aingie," baba akasema. "Mbona mnamwacha mtoto kwenye baridi? Mwambie aingie amwone mama yake."

Seche akatokea mlangoni. Mikono yake haikuwa na simu. Alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza, akasema taratibu, "Mama, babu anasema uachie. Uingie."

Nikaingia. Baba akajisogeza kwenye benchi akanipisha nafasi, ile ya katikati, ambayo enzi zile ilikuwa ya wageni. "Mikono imechoka?" akaniuliza. Nikamwambia, "Imechoka, baba." Akaichukua akaanza kuisugua, huku macho yake yako kwenye kioo. Lilikuwa tangazo la sabuni ya unga. Mwanamke mmoja nisiyemjua alikuwa anaanika shati jeupe, rangi zote zimekamilika, na zambarau ya kitambaa chake ilikuwa zambarau kweli. Seche akakaa sakafuni miguuni petu. Tukaliangalia tangazo lile mpaka mwisho, na jingine lililofuata.

Picha za siku hizi ni nzuri, sibishi. Zinajishika zenyewe na hazimwachi mtoto wa mtu nje. Lakini nilimtafuta mama kwenye kioo kile kisafi kila kona, sikuona hata doa moja la kumdhania. Enzi zetu palikuwa na chenga, na kwenye chenga mtu ulimwona umtakaye.